Jiwe la Mlango wa Jela

Kila asubuhi, saa mbili na nusu, Bwana Dod Lownie, mtunza funguo wa jumba la mji, hulipiga kofi jiwe lililo juu ya mlango wa jela na kuliuliza, "Umeamkaje, mzee?" Kisha huinama, kwani waliojenga mlango ule waliwataka wafungwa waingie kwa adabu, huingia ndani na kubandika birika. Mimi hufika dakika tano baadaye na mikate miwili bapa ya siagi, bado ya moto, kutoka kwa mwokaji wa ng'ambo ya uwanja. Tunakunywa chai humo humo jelani, chini ya dirisha la nondo, yeye akikalia benchi la wezi na mimi nikikalia sanduku la mizani ya zamani ya mji. Hatuongei sana. Yeye husema mvua itanyesha. Mimi husema naam. Mvua hunyesha.

Jumatatu ile, wiki ya mwisho ya Mei, nilimkuta ndiyo kwanza anafika. Akalipiga jiwe kofi lake la kila siku, na jiwe likamjibu. Bonge la chokaa, kubwa kama sahani ya supu, likamwangukia kichwani, likapasuka vipande vipande, likamwingia kwenye masharubu na ndani ya kola ya shati.

"Bwana Lownie! Umeumia?"

"Heshima tu." Alikuwa amefumba macho. "Miaka arobaini na mmoja namwamkia vizuri, leo kanirudishia. Nikoje?"

"Mweupe."

"Mweupe kiasi gani?"

"Kama keki."

"Basi nakwenda nyumbani kunawa kabla watoto wa shule hawajapita. Wakinikuta hivi, hadi Krismasi sitakuwa na jina jingine."

Akaenda mbio mbio, akiambaa na ukuta kama mwizi. Nikabaki mimi na jiwe.

Nilikuwa na sababu ya kubaki. Chama kinachoitunza Tolbooth, kama tunavyoliita jumba letu la mji tangu lilipokuwa jela chini, baraza juu na kengele juu ya vyote, kilikuwa kimeniajiri tangu majira ya baridi niandike taarifa ya kila jiwe na kila boriti kabla jumba halijapakwa chokaa mpya. Nilikuwa nimekwisha kuchora kuta zake za pembeni zinazopanda hadi kileleni kwa vidaraja. Nilikuwa nimechora ngazi ya nje yenye vipandio kumi na vitatu, vilivyolika katikati kwa miguu ya madiwani waliopanda wakiwa na busara na kushuka wakiwa na kitu kingine. Nilikuwa nimepima kola ya chuma iliyoning'inia kando ya mlango, ambayo zamani walifungwa shingoni watu wenye ndimi kali, na saa, na kengele, na jogoo wa shaba wa kuonyesha upepo, anayetazama upande mbaya tangu kimbunga cha mwaka niliozaliwa. Lilibaki jiwe la mlango tu. Sikuwa nimelishughulikia kwa sababu kila mtu alikwisha kujua linasema nini.

Linasema hivi: W R upande wa kushoto, M S upande wa kulia, na chini yake 1588. Katikati kulikuwa na uvimbe wa chokaa iliyopakwa juu ya chokaa, miaka nenda miaka rudi. W R ni Walter Rait na M S ni Matthew Spink, madiwani wawili waliolijenga jumba. Hilo tunalijua hapa mjini kwetu Kinlarrie kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Tuna Barabara ya Rait na Kichochoro cha Spink. Timu ya watoto ya mpira huvaa fulana zenye W R kifuani na M S mgongoni, na hufungwa nazo kila wiki.

Nikapanda juu ya kiti, nikapitisha brashi yangu ndogo mahali palipobanduka.

Palikuwa na moyo.

Moyo wa kuchongwa, mnene, umeinama kidogo upande mmoja kana kwamba fundi alikuwa na haraka, au alikuwa anacheka. Nikaufuta vumbi kwa kidole. Kisha nikashuka kwenye kiti, nikakikalia.

Chuoni Glasgow nilionyeshwa mawe ya namna ile yasiyopungua hamsini. Zamani watu walipooana na kujenga nyumba walichonga juu ya mlango herufi za mume, herufi za mke, mwaka wa ndoa, na moyo katikati. Na mke alibaki na jina la baba yake hadi kaburini, ndiyo maana herufi hazilingani. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angelitambua. Lakini mtu aliyezaliwa Kinlarrie halitazami lile jiwe; analijua kwa moyo, kama wimbo. Nilipolitazama sasa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliona pia kwamba mkia wa ile S ulikuwa umekatwa kwa tindo. Awali jiwe lilikuwa refu kuliko mlango huu. Lilitoka kwenye nyumba ya watu, nyumba hiyo ikabomolewa, na fundi mmoja asiyependa kupoteza jiwe zuri akalifupisha na kulipandisha hapa. Madiwani Walter Rait na Matthew Spink hawakuwahi kuwapo. Walikuwapo bwana mmoja na bibi mmoja, na hawakujenga jela yoyote.

Siku nzima nilitafuta ushahidi wa kunikosoa. Kitabu cha zamani cha baraza kinasema kwamba mwaka 1631 waliamua kujenga jela na mnara, kwa kuwa wafungwa walikuwa wakitoka kwenye ghala la kupanga kila waliposikia njaa. Sisi husema habari hiyo inahusu mnara peke yake. Nikapanda na taa hadi mahali mnara unapokutana na jumba, nikakwangua. Mawe yake yameumana kama vidole vya mikono miwili, mstari kwa mstari, toka chini hadi juu. Vilijengwa pamoja. 1631.

Katika mji mwingine, msichana mwenye habari kama hiyo angeokewa keki. Lakini sisi tuna Portennan.

Portennan iko maili nne kaskazini mwetu, kando ya bahari, na sisi na wao ni watani. Si utani wa kuchekana tu. Ni utani wenye ratiba. Tolbooth yao ni ya mwaka 1594, wana barua ya mfalme ya kuthibitisha, na wameitia kwenye fremu ya kioo. Yetu, kwa hesabu yetu, iliizidi miaka sita. Na kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, mtunza funguo wa jumba lililo dogo kwa umri ni lazima aoke mkate mkubwa wa shayiri, aubebe kwa miguu hadi kwenye jumba lililo kubwa, agonge mlango mara tatu kwa kisigino, na kusema mbele ya watu: "Mdogo amekuja kumwamkia mkubwa." Mkubwa hujibu kutoka juu ya ngazi: "Umechelewa." Baada ya hapo kila mmoja ana ruhusa ya kusema analotaka, na hakuna kununa hadi mkate uishe.

Mtunza funguo wa Portennan ni Bi Netta Cargill, mjane wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye ulimi ambao kola yetu ya chuma ingeusubiri kwa hamu. Amebeba mkate huo mara ishirini na mbili. Mwaka jana alifika na fimbo kwa sababu ya nyonga, akautazama mnara wetu juu hadi chini, akasema, "Kumbe bado umesimama? Nilisikia mmeuegemeza kwa Dod." Bwana Lownie, ambaye hajaoa na husema mke wake ni saa ya mnara, alimjibu kwamba afadhali mnara unaoegemea mtu kuliko mtu anayeegemea mti. Watu walicheka hadi njiwa wakaruka. Bi Netta alicheka kuliko wote. Kisha akapanda basi akarudi kwao, na Bwana Lownie akashinda wiki nzima akiyarudia yale maneno peke yake huku akipaka mafuta magurudumu ya saa.

Sasa zilikuwa zimebaki siku tano kufika Jumamosi. Taarifa yangu ilitakiwa Jumatatu inayofuata, na ni mimi pekee niliyejua kwamba kwa miaka yote hiyo mkate ulikuwa ukienda upande usio wake. Ilinibidi nimwambie kabla hajapanda ngazi ile kuwacheka watu.

Jumanne nilijaribu.

"Bwana Lownie..."

"Kaa hapo, mwanangu. Nina kijembe kipya, nisikilize uniambie kama kinakata." Akasimama katikati ya jela, akalinyooshea birika kidole. "Netta! Huo mnara wenu mchanga, kitovu kimeshadondoka?" Akanigeukia. "Ee?"

"Kizuri."

"Kizuri tu?"

"Kizuri sana. Bwana Lownie, lile jiwe la mlango..."

"Najua, wanalipaka chokaa Ijumaa, nimeshawaambia. Na niite Dod, mimi si mwalimu wako."

"Ndiyo, Bwana Lownie."

Jumatano nilikuja na picha ya moyo ndani ya bahasha. Nilimkuta amenyolewa. Masharubu yalikuwa yamepunguzwa hadi akafanana na mdogo wake mwenyewe, na mkononi alishika tai mbili.

"Ya bluu au ya kijani?"

"Ya bluu."

"Ya bluu nilivaa mwaka jana. Atakumbuka."

"Nani?"

"Netta, nani mwingine? Yule huona kila kitu, ili apate la kusema." Alizipima tai mbele ya dirisha kama mtu anayechagua mkoba wa safari ndefu. "Mwaka nilipovaa ya kijani alisema nimefanana na bwawa."

"Basi vaa ya bluu."

"Ndiyo. Lakini siku ile alinitazama muda mrefu." Akaiweka ya bluu mfukoni, akaondoka akiwa ameshika ya kijani.

Nikairudisha bahasha kwenye begi. Nilikaa pale juu ya sanduku la mizani hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimefikiri naogopa kumvunjia mzee hadithi ya jumba lake. Sasa niliona kwamba jumba lilikuwa jambo dogo.

Alhamisi ni yeye aliyeanza.

"Una nini, wewe? Tangu Jumanne huli mkate wako. Unaumega tu kama mtu anayelisha bata."

Nikaitoa picha nikaiweka juu ya benchi la wezi, kati yetu. Akavaa miwani. Mtu aliyeishi na majumba ya kale miaka arobaini na mmoja hahitaji kuelezwa moyo kwenye jiwe ni kitu gani. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia kwenye paji la uso kwenda chini.

"Na huu mkia wa S?"

"Umekatwa."

"Mnara?"

"Umeumana na jumba, Bwana Lownie. Toka chini hadi juu. Ni 1631."

Birika likachemka, likapiga mluzi, na hakuna aliyenyanyuka kuliepua.

"Maili nne," alisema baadaye. "Mara ishirini na mbili."

"Themanini na nane," nilisema, kisha nikatamani kuumeza ulimi.

"Na ile nyonga yake." Alivua miwani, akaivaa tena. "Mwaka ule wa theluji ya Juni, unaukumbuka? Ulikuwa mdogo. Alifika amelowa hadi kwenye soksi. Nami nilisimama kule juu, mkavu, nikamwambia amechelewa. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na kesho wanapaka chokaa."

"Ndiyo."

"Wakishapaka, moyo hauonekani tena kwa miaka mia mbili."

"Hauonekani."

Akanitazama. Alikuwa ananipenda, nami nilimpenda, na ndiyo maana sikutaka anitazame hivyo.

"Ungeandika nini, Morven?"

"Ningeandika nilichokiona."

"Sema tena, sikio hili limezibwa na kengele."

Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikuizoea. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaenda kuepua birika, ambalo sasa lilikuwa likilia kama mtoto.

"Akijua, hana sababu ya kuja tena," alisema akiwa amenipa mgongo.

"Wewe utakwenda kwao. Mkubwa ni wao sasa. Utapeleka mkate."

"Kama atanifungulia. Wewe ungemfungulia mtu aliyekutembeza maili themanini na nane kwa jiwe la harusi ya watu wengine?"

Nikamwambia kwamba ningeweza kumwandikia Bi Netta barua, kwa lugha ya kitaalamu, yenye tarehe na vipimo.

"Hapana. Nilimcheka mbele ya watu, nitamwambia mbele ya watu. Niachie mimi." Akamimina chai, ikafurika, hakuona. "Jumamosi. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana."

Ijumaa mafundi walilipaka jumba chokaa, nyeupe ya kuumiza macho. Bwana Lownie aliwakataza kuligusa jiwe la mlango. Alilifunika kwa bendera ya mji, na watu wakapita wakimsifu kwa mapambo.

Jumamosi kulikuwa na jua, jambo lililomuudhi kila mtu, kwa sababu tulikuwa tumekuja na makoti. Uwanja ulijaa. Walikuwapo wapiga zumari wanne, mmoja wao akiujua wimbo. Watu wa Portennan waliwasili kwa mabasi mawili, wakaanza kuimba hata kabla ya kushuka, lakini Bi Netta, kama desturi inavyotaka, alikuja kwa miguu. Tulimwona akiteremka Barabara ya Rait taratibu, fimbo mkono mmoja, mkate uliofungwa kitambaa umeukalia mkono wa pili. Alikuwa na kofia mpya. Kila hatua ya tatu nyonga ilimpeleka upande, naye alitabasamu kana kwamba alikusudia kwenda upande huo.

Bwana Lownie alikuwa juu ya ngazi, na tai yake ya kijani, mweupe usoni kama jumba lake. Mimi nilikuwa chini, karibu na kola ya chuma, na daftari langu.

Bi Netta akafika mlangoni, akaupa mgongo, akaupiga kwa kisigino. Moja. Mbili. Tatu.

"Mdogo amekuja kumwamkia mkubwa!"

Ikawa zamu ya Bwana Lownie. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Mjibu, Dod!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Amesahau," Bi Netta aliwaambia watu. "Mnaona mambo? Neno moja tu la mwaka mzima, nalo limempotea. Basi nijijibu mwenyewe: ndiyo, nimechelewa, ila si kosa langu. Nimeikuta saa yenu njiani, inatafuta saa nne." Watu wakaangua kicheko. "Na hiyo tai, Dod! Bwawa bado halijakauka?"

Hapo ndipo Bwana Lownie alipoanza kushuka. Kicheko kikafa chenyewe, sehemu kwa sehemu, kwa sababu mkubwa hashuki. Mdogo ndiye hupanda. Alishuka vipandio vyote kumi na vitatu, mkono ukutani, chokaa mpya ikimpaka kiganja, hadi akasimama mbele yake.

"Netta, weka mkate chini."

"Nimeubeba maili nne, sasa ndiyo unaona mzito?"

"Uweke chini. Tafadhali."

Lile tafadhali ndilo lililomnyamazisha. Nadhani hakuwahi kulisikia kutoka kwake. Akauweka mkate juu ya kipandio cha chini.

Bwana Lownie akaivuta bendera, ikaanguka.

"Hili ni jiwe la harusi," alisema. "Limetoka kwenye nyumba ya watu. Tumekuwa tukijivunia mwaka wa ndoa ya watu tusiowajua. Morven, waambie."

Uwanja mzima ukanigeukia. Sijui nilikuwa na rangi gani. Nilisema sentensi mbili, na hizo mbili nilizisoma kwenye daftari: "Tolbooth ya Kinlarrie ilijengwa mwaka 1631. Ya Portennan ni kubwa kwa miaka thelathini na saba."

Babu mmoja wa Portennan akacheka, cheko jembamba la furaha tupu, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu. Portennan walirusha kofia. Walikumbatiana. "Tuamkieni! Tuamkieni!" walipiga kelele, na mwanamke mmoja akampa mtoto wa fulana ya W R mkono ili aubusu. Watu wa Kinlarrie walilitazama jiwe kwa midomo wazi, kama watu walioambiwa baba yao si baba yao.

Bi Netta peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Bwana Lownie, na wekundu ulikuwa ukimpanda shingoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Alhamisi." Akaitazama fimbo yake. "Umejua tangu Alhamisi, na leo Jumamosi ukaniacha nitembee tena?"

Watu waliokuwa karibu wakaanza kunyamazishana.

"Sikujua niseme nini kwenye simu," alisema Bwana Lownie.

"'Netta, panda basi.' Ni maneno matatu, Dod. Hata wewe ungeyaweza."

"Mwaka ujao nitakuja mimi. Kwa miguu. Nitajifunza kuoka."

"Wewe? Utatulisha matofali."

"Nitajifunza. Nitakuja mvua inyeshe, theluji ianguke. Usiponifungulia nitauacha mkate mlangoni nirudi." Alikuwa amevua kofia na alikuwa akiizungusha mikononi. "Nimekuchezea, Netta. Sikujua, lakini nimekuchezea. Miaka ishirini na miwili, na nyonga hiyo. Nisamehe."

"Nyonga yangu iache mahali pake!" Alisema kwa ukali hadi wapiga zumari wakashusha zumari zao. "Daktari alinikataza njia hii miaka sita iliyopita. Miaka sita! Mpwa wangu ana gari, kila Juni ananiomba anilete. Baraza letu limenitumia barua mbili, Bi Cargill tafadhali, wape vijana mkate waupeleke. Nimezichoma zote mbili. Halafu unakuja hapa na bendera yako kuniomba msamaha kwa ajili ya jiwe!"

"Sasa ulikuwa unakuja kwa nini?"

Aliuliza kwa dhati. Ilikuwa wazi usoni mwake kwamba hajui, na kwamba katika uwanja ule wote, wenye watu wa miji miwili, ni yeye peke yake asiyejua.

Bi Netta akageuza macho kwa watu wake, waliokuwa wameacha kuimba. Akaangalia mkate. Akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona mwanamke yule akitafuta neno na kulikosa. Niliyajua mahangaiko yale. Nilitamani kumsaidia, lakini hakuna anayeweza kumsaidia mtu hapo.

"Kwa ajili yako, Dod," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuona wewe. Mnara hata kwetu upo."